Kiambishi

Wametuwekea maji ya chupa na maua ya plastiki
katika ukumbi wa hoteli, Nakuru, orofa ya pili.
Simu zimekusanywa kwenye karai kama viazi.
Mlango umefungwa. Nje ya mlango yupo askari,
nje ya askari yupo dereva,
na dereva wa mheshimiwa ana shemeji kila mji.

Nimeapa kusema kweli tupu.
Naomba kuisema kwa Kiswahili.
Mwenyekiti anacheka: "Leo umekuwa mzalendo, Afisa?"
Si uzalendo, mama. Ni kiambishi.
Kwa Kiingereza ningeulizwa ni mume au mke
kabla sijafika kwenye kitenzi.
Huku nasema "aliona", na hiyo "a"
haina sketi, haina suruali, haina ndevu wala hereni.
Kamati nzima ikiipekua mifuko haitapata mtu.

Lakini hata "a" inapumua.
Ndiyo maana kwenye taarifa tunaandika chanzo:
chanzo kilisikia, chanzo kilihesabu magunia,
ngeli ya kiti na kijiko,
kana kwamba chanzo hakiamki usiku kushika komeo la mlango,
kana kwamba hakina mtoto wa darasa la nne
anayerudishwa nyumbani kwa deni la shule.

Mheshimiwa Barmao anavua miwani.
"Magunia mia tatu ya maharagwe, risasi ndani ya saba.
Mlijuaje ni yapi?"
Ameuliza bila ukali, kama mkulima aulizaye mbegu.

Jibu ni uzi.
Yale saba yalishonwa mdomo kwa uzi wa buluu,
na katika ghala lile, karibu na reli,
wanaoshika shazia ni wanne tu.
Nikitamka rangi nimetamka jina.

"Siwezi kujibu, Mheshimiwa."

"Ni fedha za umma hizi. Niwaambie nini watu wangu wa Njoro,
kwamba tunalipa vivuli?"

Na hapo ana haki.
Nimewahi kuona kivuli kikilipwa,
kivuli chenye saini na namba ya kitambulisho,
kikamjengea bosi wangu nyumba ya ghorofa.

Mwaka juzi, Kisumu, mwenzangu alijibu.
Hakutaja jina. Alisema tu, "fundi wa mizani, Kibuye."
Mafundi wa mizani pale walikuwa wawili
na mmoja alikuwa amelazwa na nimonia.
Siku ya tatu benchi la Obiero lilikuwa tupu,
mawe yake yamepangwa, nusu kilo mpaka kumi,
kama ya mtu aliyetoka kidogo kutafuta chai.
Namtaja kwa sababu Awino, mjane wake,
alinikamata mkono wa koti akasema: mtaje,
hana tena cha kufichwa.

Kinasa sauti kina nukta nyekundu. Hakipepesi.
"Mwenyekiti, nitakuonyesha risiti.
Wewe peke yako, hapa mezani, kisha inarudi mfukoni."
Anainama. Anasoma tarehe, anasoma kiasi.
Jina limelala chini ya kiganja changu,
linatoa jasho, au ni mimi.
Anakaa vile muda mrefu.
Kisha anatikisa kichwa, na mpaka leo sijui
kama ilikuwa ndiyo.

Jioni napita barabara ya ghala.
Taa zinawaka, wapakiaji wanafoka, lori linarudi nyuma.
Sigeuzi shingo.
Hiyo ndiyo salamu yetu, mimi na yeye,
na hatujawahi kuikosa.

Nawe unayesoma, usijichoshe kukokotoa:
uzi haukuwa wa buluu,
hayakuwa maharagwe,
na darasa si la nne.
Deni la shule tu
ndilo nililoliacha lilivyo.